Ukurasa wa Kuaga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoihama dunia nikahamia Wattaya, kule majabalini pembeni ya mji. Usicheke. Mimi nna miaka kumi na sita na wewe mdogo wangu una kumi, kwa hivyo mzee hapa ni mimi.

Mwalimu aliniazima kitabu cha mshairi mmoja wa Kimarekani wa zamani. Bwana huyo aliuacha mji akenda kukaa peke yake msituni, akawa anaandika insha juu ya mvua na siafu na majani, kwamba huko ndiko mtu anakousikia moyo wake na kumjua Mola wake. Nikaona huyu ni mimi mtupu. Nyumba yetu ya hapa mjini Ruwi ina watu kumi na mmoja na wote husema kwa pamoja. Nikachukua kitabu, tende na daftari, nikaacha kijikaratasi mlangoni: "Nimekwenda kuitafuta roho yangu. Msinitafute." Nikacheka njia nzima.

Wattaya msitu hakuna. Nilikaa kwenye kivuli cha jabali, nikaandika mistari miwili juu ya mbuzi aliyekuwa akila tende zangu.

Adhuhuri nikamuona Bibi. Anakuja kwa miguu, jua kali, buibui limejaa vumbi, kakumbatia sufuria ya wali. Wachunga mbuzi ndio waliomwelekeza. Unajua mwenyewe: kabla hatujavuka bahari kuja huku, baba yetu alitoka nyumbani Unguja bila ya kuaga, akidhani anarudi sasa hivi, hakuonekana tena. Mpaka leo Bibi, mama yake, humwekea sahani.

Hakunigombeza. Alikaa, akanishika mkono, hakuuachia.

"Kula. Kisha nisomee huyo bwana wako."

Nikamsomea huku nikimfasiria.

"Maneno yake mazuri," akasema. "Alipokwenda huko msituni, alimuaga mama yake?"

Nikapekua. "Hakuandika, Bibi."

"Basi pana ukurasa umepungua. Uandike wewe, si ndiwe mshairi?"

Mkono wangu alikuwa bado hajauachia. Mzaha wote ulinitoka, na mimi mzaha haunitoki hata msikitini.

Nimeuandika, mwanangu, ndio huu. Moyo wako ukikwambia nenda, nenda. Yule bwana hapo hakukosea. Lakini pita jikoni kwanza, useme unakwenda wapi na utarudi lini, hata ukenda kisimani tu. Na ungoje ujibiwe.

Mola akupe miguu ya kwenda mbali, na kila ukirudi umkute Bibi pale pale jikoni, anakugombeza kwa kuchelewa.