Lugha ya Watu Wawili

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko nyuma ya soko la Tukuyu, na leo nitamsema Tulia hata kama ndugu zake wote wataacha kuniletea vitambaa. Wakitaka wapeleke Kyimo, mafundi wapo. Lakini siwezi kumsema Tulia kabla sijamsema mdogo wake, Tusekile, maana ndiye aliyefanyiwa.

Tusekile ni mkulima wa Ikuti. Ana migomba, ana chai kidogo, ana maharage chini ya migomba. Siku za soko huja na ndizi zake, na mvua ikishuka hukimbilia kwangu, na Tukuyu mvua haichoki kushuka. Ndivyo tulivyojuana. Mimi wa watu wa pwani, babu yangu alikuja huku na biashara ya nguo, baridi ikamshika na mke akamshika, hakurudi tena. Yeye mama wa kanisani, anaimba kwaya. Ananiita mama Najat, namwita mama Lugano, na tukianza kutaniana namwita shoga na yeye ananiita Mswahili.

Nilimdhani Mnyakyusa kama wenzake. Siku moja simu yake ikalia akiwa kibandani, akapokea, akaanza kuongea. Sasa mimi nimezaliwa hapa hapa, Kinyakyusa nakisikia vizuri na kutukana nacho naweza. Siku ile sikuambulia hata neno. Nikasimamisha cherehani.

"Shoga, unaongea na majini?"

"Naongea na dada," akasema, akacheka.

Ndipo akanieleza. Wazazi wao walikuwa watu wachache waliotoka nyuma ya mlima, Wasegwe, nyumba za kuhesabika. Wazee wa Ikuti wa zamani walimpa baba yao mahali pa kulima, akalima, akazikwa hapo. Wasegwe wengine waliolewa huku na kule, wakafa, watoto wao wakawa Wanyakyusa, na wajukuu wakawa watu wa Kiswahili. Kisegwe kikabaki jikoni kwa mama yao, na mama alipoondoka kikabaki kwa mabinti wawili. Lugano, mtoto wa Tusekile, yuko Mbeya, ukimsemesha Kisegwe anakujibu "freshi tu mama."

Nilimuuliza kinamsaidia nini hicho Kisegwe, maana mimi mdomo wangu hauna breki. Hakukasirika. Alisema mume wake, Anyelwisye, alipofariki, watu walijaa uani wakimpa pole kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, na yeye akaitikia wote, macho makavu. Tulia akaja, akakaa naye mkekani, akamwambia maneno machache kwa lugha ya mama yao. Hapo ndipo alipolia. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena.

Kisha akaja Jenifer. Binti wa chuo kikuu, mpole, ana mkoba ambao zipu yake ilikufa, ndiyo maana alifika kwangu. Nikiwa natia zipu mpya nikamuuliza anatafuta nini Rungwe. Akasema yuko na watu wanaoandika lugha zote za dunia zilizo hai. Ipi inasemwa wapi, na wangapi, watoto wanaijua au hawaijui, kanisani inatumika au haitumiki. Wakishaiandika hawaiachi, baada ya miaka wanarudi kuangalia kama bado inapumua. Nikamwambia, basi umefika, mimi nina watu wawili wenye lugha ambayo huna.

Macho yalimtoka. "Wawili? Nitawahitaji wote wawili, mama. Mmoja akisema peke yake, siwezi kujua kama ni lugha au ni vipande vya kumbukumbu. Wawili wakielewana mbele yangu, naandika ni hai."

Nilipomweleza Tusekile, alikaa chini kwenye gunia la vitambaa vyangu. Alitaka kitu kimoja tu, nami nakitaja wazi ili mtu asije akasema baadaye kwamba alitaka makubwa: lugha ya mama yake iandikwe mahali kwamba ipo, na kwamba wanaoisema ni yeye na dada yake. Akampigia Tulia pale pale. Waliongea kwa muda mrefu. Akakata simu akaniambia, "Dada amekubali." Akalala na furaha hiyo, akaamka nayo, mpaka siku yenyewe.

Mkutano wa Jenifer na wanakijiji ulikuwa Ikuti, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilifunga kibanda nikaenda naye, mimi na baibui langu, wakanitazama kidogo wakaacha. Tulifika mlangoni, Tusekile akarudi nyuma ghafla. Mstari wa mbele, kati ya wazee, alikuwa amekaa Mzee Ambindwile, baba mkwe wake.

Kwa mila ya Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Haingii nyumba aliyomo. Wakikutana njiani yeye anapinda kwenye migomba mpaka mzee apite, na jina la mzee halimtoki kinywani maisha yake yote. Wasichana wa siku hizi wanapiga picha na wakwe zao wanazirusha kwenye simu. Tusekile ni wa zamani. Aliolewa akiwa msichana mdogo, sasa ni bibi, mumewe amekufa, na mzee yule hajawahi kumwona uso. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mwenyekiti wa kijiji angewaita wazee.

Tulia akafika. Mtu mzima, kitenge kipya, kilemba. Tusekile akamshika mkono. "Dada, mimi siwezi kuingia. Sema wewe. Yule binti akitaka kutusikia tukiongea, mwambie aje hapa dirishani."

"Haya," akasema Tulia, akaingia. Hakumtazama mdogo wake usoni. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Mimi nikakaa nyuma, karibu na dirisha. Jenifer akauliza lugha moja moja, Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, watu wakanyoosha mikono, wakacheka, wakabishana. Kisha akasema, "Nimesikia hapa kuna Kisegwe."

Tulia akasimama.

"Kilikuwepo," akasema. "Mama yetu alikuwa nacho. Alipokufa kikafa. Sisi ni Wanyakyusa."

Jenifer akasema ameambiwa wapo wawili, yeye na mdogo wake.

"Umedanganywa."

Niligeuka dirishani. Tusekile alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili. Akaanza kusema, kwa Kisegwe. Hakupiga kelele, sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwomba mwenzake chumvi. Watu wote wakageuka, isipokuwa mmoja. Mzee Ambindwile aliinamisha kichwa, akatafuta fimbo yake, akainuka. Miguu yake imevimba, hatua moja ni kazi. Akaenda taratibu mpaka mlango wa pembeni, na hapo, bila kugeuka, akasema kwa Kinyakyusa kwamba yeye anatoka, mtoto aingie.

Mzee yule hajawahi kuinuka kitini hata kwa ajili ya diwani. Mimi machozi yalinilenga.

Basi Tusekile akaingia. Alipita katikati ya watu akasimama mbele ya dada yake, karibu kabisa, akasema naye tena. Sijui maneno, ila najua mtu anayesihi akoje, hiyo haihitaji mkalimani. Jenifer alikuwa ameinua kinasa sauti chake. Wote tulimngoja Tulia. Kilichotakiwa ni kuitikia tu.

Tulia alimtazama mdogo wake, kisha akamgeukia Jenifer.

"Sijui anasema nini," akasema kwa Kiswahili. "Tangu afiwe na mume wake huwa anakuwa hivi."

Mtu mmoja akaguna. Kisha akina mama wa mstari wa kati, wale wale anaoimba nao kwaya, wakaanza kumpa pole. "Ndaga, ndaga fijo," kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. Mmoja akasogea amshike kiuno amtoe nje. Tusekile hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakubisha.

Mimi nilibisha. Nilisimama nikamwambia Tulia ni mwongo, na Mungu anamwona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwenyekiti akaniambia nikae, mimi si wa Ikuti. Nikamwambia na wewe kaa. Lakini haikusaidia kitu. Jenifer alizima kinasa sauti, akaandika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nimekagua mishono ya watu wa kila aina. Mshono ule sikuuona.

Nilimkamata Tulia nje, kwenye veranda ya ukumbi. Nikamwambia, "Mkataa kwao mtumwa."

"Na asiye na shamba ni nani?" akanijibu. Hakuwa na haya, alikuwa na hofu, na nitasema ukweli huo ingawa simpendi. "Wewe umepanga kibanda, mama Najat, hujui. Kijana wangu amechimba msingi kwenye shamba la baba. Majirani wanasema kila siku kwamba baba alikuwa mgeni hapa, alikaribishwa tu. Wanatafuta neno. Sasa binti anakuja anauliza mbele ya wazee wote nani anasema lugha ya kutoka kwingine. Ukisema ni wewe, kesho utaambiwa rudi huko kwingine."

Nikamwambia Jenifer hana habari na mashamba, anaandika lugha tu.

"Leo anaandika lugha," akasema. "Kesho karatasi yake itasomwa na nani?"

Hofu yake niliielewa. Lakini sijamsamehe. Kama aliogopa, angekataa kwenye simu. Angeugua siku hiyo. Angenyamaza tu akatazama chini, mdogo wake angemwelewa. Alipewa njia nyingi za kujificha, akachagua ya kumfanya Tusekile mwendawazimu mbele ya kanisa lake. Msingi wa nyumba unajengwa kwa mawe. Yeye aliujenga kwa mtoto wa mama yake.

Wiki hiyo hiyo Tulia akapiga simu. Tusekile alikuwa kwangu, mvua inanyesha, simu ameiweka mezani kwa sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi. Nikamsikia Tulia kwa masikio yangu, anaongea Kisegwe, anamiminika, nyumbani kwake ambako hakuna wa kumsikia. Tusekile akamwacha amalize. Kisha akamjibu kwa Kiswahili kwamba salama, watoto hawajambo, wasalimie huko. Akakata.

Nilisema hayo hayataisha hivyo. Nilikuwa na namba ya Jenifer, nikampigia, nikamwaga yote. Na binti ana utu, alirudi. Akatukuta kibandani siku ya soko. Akakaa kwenye gunia lile lile, akamshika Tusekile mikono.

"Mama, nimesikiliza nilichorekodi siku ile, mara nyingi. Ile si sauti ya mtu aliyechanganyikiwa. Ile ni lugha, ina mpangilio wake. Kaa nami siku chache tu, nianze kuyaandika maneno. Nitaandika ni hai, ina msemaji mmoja."

Nikapiga makofi peke yangu. Nikaona sasa Tulia ataumbuka.

"Ulisema wawili," akasema Tusekile.

"Hata mmoja, mama. Tutaanzia na mmoja."

"Nikisema, nani ataniitikia?"

Mimi ndiye niliyejibu, nikamwambia asiwe mjinga, akikataa dada yake ameshinda, lugha ya mama yao inazikwa na mtu ambaye hata kaburi hakuchimba. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mama Najat, unajua siku ile nilimwambia nini?"

Sikuwa nimewahi kumuuliza. Niliogopa.

"Pale dirishani nilimwambia, dada, tupo wawili, waambie. Nilipoingia ndani nikamwambia, kama unaogopa basi, usiseme kwamba unaijua. Niambie neno moja tu, lolote, hata tusi, nijue kwamba umenisikia." Akafuta mikono kwenye kanga. "Alinisikia. Nilimwona usoni kwamba amenisikia."

Akamgeukia Jenifer. Alimsemesha kama mama anavyomsemesha binti yake, bila hasira.

"Andika alivyosema dada. Andika imekufa."

Jenifer hakuandika mara moja. Alinitazama mimi, kana kwamba nitamwokoa, na mimi nilikuwa nimefunika uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Mwishowe nikasikia kalamu. Tusekile alimsubiri amalize, akamuaga vizuri, akainuka kwenda kwenye ndizi zake.