Askari Anayechechemea

Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani mpaka macho yanalia, hunikuta popote. Juzi ilinikuta kwenye foleni ya benki, ikitoka kwa mzee mmoja mbele yangu, nami nikajikuta nimeinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Wengine harufu hiyo huwakumbusha mafua. Mimi hunikumbusha jambo nililomfanyia Papa nikiwa na miaka kumi na minne, na kwa kuwa nimelibeba peke yangu muda mrefu, leo nawamwagieni ninyi. Msinionee huruma, tafadhali. Nisikilizeni tu.

Papa alikuwa mlinzi wa mlangoni kwenye supamaketi moja huku Malvern, mtaa wa mji wa migodi tulikohamia kutoka Kongo. Tulikaa vyumba viwili karibu na Jules Street, mimi, yeye na dada yake, Tantine Furaha, ambaye alikuwa msusi. Mama simkumbuki, alifariki Kongo nikiwa sijaanza kutembea. Kila jioni Papa alivua viatu, akapandisha suruali, akachua mguu wa kulia, nyuma ya paja, penye kovu refu lenye ngozi laini iliyokunjamana. Alichechemea tangu nimjue. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Kwangu ilikuwa ndiyo namna yake ya kutembea, basi, kama wengine walivyo na pua ndefu.

Shule yangu ilikuwa mbali na nyumbani, yenye watoto wanaoshushwa na magari. Waliponiuliza Papa anafanya kazi gani, nikasema “security”. Wao wakaelewa mambo ya kompyuta, kuzuia wezi wa mtandaoni, sijui nini. Mimi nikanyamaza, wakaendelea kuelewa hivyo hivyo.

Sasa, mwaka huo darasa zima lilipagawa na tamthilia iliyoitwa Miezi ya Tareva. Ilikuwa na dunia yenye miezi miwili, malkia asiyezeeka, mji uliochomwa na jeshi lenye kofia za chuma zinazofunika uso mzima. Tulibishana kuliko wabunge! Nani alichoma mji, kwa nini mwezi wa pili haujai, pete ya malkia ni ya nani. Asubuhi tulibishana uwanjani, mchana kwenye grupu la simu, na mwalimu wa hesabu alikuwa akitufukuza kama kuku. Tuliamini kwamba hakuna kitu kilichowekwa bure mle ndani, kila kikombe kina siri yake.

Wasichokijua wenzangu ni kwamba sehemu ya jeshi lile ilipigwa picha hapa hapa kwetu, kwenye vilima vya njano vya taka za migodi kusini mwa mji. Ndugu mmoja wa kanisani alimwambia Papa kuwa watu wa filamu wanatafuta wanaume warefu wa kujaza jeshi. Papa akaomba ruhusa kazini, akaenda siku tatu. Alirudi na vumbi la njano masikioni, anacheka mwenyewe. Alikuwa amejikaza atembee sawasawa, mkubwa wao akamwambia hapana, chechemea, inapendeza.

“Leo iyi muguu inapata kazi!” alituambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, na Tantine akacheka mpaka akaangusha kitana.

Basi ikafika siku malkia anahutubia jeshi, na nyuma yake askari mmoja anapita akichechemea. Sekunde nne, tano hivi. Nilimjua kabla hajapiga hatua ya pili. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, na Papa aliporudi nikamwonyesha. Akataka tena. Akataka tena. Alikuwa akijipiga goti na kusema, “Njo miye! Ona, njo miye!” yaani ndiye yeye. Kisha akaniuliza marafiki zangu wanasemaje. Nikamwambia wamempenda. Haukuwa uongo, kwenye grupu yule askari alikuwa gumzo tayari.

Kesho yake shuleni moto uliwaka. Kwa nini yule askari anachechemea? Rafiki yangu Lerato, aliyekuwa na sauti ya kuamua mambo, alisema wazi kwamba yule ni mtoto wa mfalme aliyedhaniwa amekufa, amejificha ndani ya jeshi la adui. Watu wakapiga vigelegele. Mimi mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema, ni Papa. Nikaumeza. Ningesema ni Papa, wangeuliza Papa gani, yule wa kompyuta? Ningelazimika kueleza mlinzi, mlango, risiti za wateja, mguu mbovu. Siri tamu ya darasa zima ingekuwa kichekesho, na kichekesho chenyewe kingekuwa mimi.

Kunyamaza peke yake ningejisamehe. Lakini nilitaka kumshinda Lerato. Nikakaa nikaandika nadharia yangu, ndefu, kwa Kiingereza nilichokuwa nakionea fahari. Niliandika kwamba goti la askari ni zima na kifundo ni kizima, tatizo liko nyuma ya paja. Hilo hamna aliyeweza kuliona kwenye picha; nililijua kwa sababu nililiona kila jioni likipakwa dawa. Na mtu aliyejeruhiwa nyuma, niliandika, alikuwa amegeuza mgongo. Alikuwa anakimbia. Huyu si mtoto wa mfalme, huyu ni mwoga aliyekimbia siku mji unaungua, akaacha mtoto wake ndani ya moto.

Eish, ilipokelewa! Hata Lerato alisalimu amri. Mtu akaipeleka nje ya grupu letu, na watu wa nchi nisizozijua wakaanza kuijibu, wengine wakimtukana yule askari kwa herufi kubwa. Nilijiona profesa. Niliwasoma nikiwa nimelala kifudifudi kitandani, na upande wa pili wa pazia Papa akijichua mguu.

Siku ya sehemu ya mwisho ilikuwa Jumamosi mchana. Tulipanga kutazama kwa kina Lerato, lakini ikawa zamu ya mtaa wao kukatiwa umeme, na kabla sijapata kisingizio akasema yeye na Kagiso, mvulana wa darasani kwetu, wanakuja kwangu. Nilipomwambia Papa kuwa wanakuja kutazama Tareva, alipiga pasi shati lake jeupe la kanisani. Alidhani nawaleta wamwone yeye.

“Papa, don't tell them,” nilimwambia. Kiswahili nilikuwa nakisikia vizuri ila nilimjibu kwa Kiingereza. “It's a surprise.”

Alifurahi jamani. Aliweka kidole mdomoni kama mtoto. Kisha nikamwambia akae kwenye kiti, asihangaike na wageni, chai nitaleta mimi. Nafikiri mnaelewa kwa nini nilitaka akae.

Wakaja, wakamsalimia, akawajibu kwa Kiingereza chake cha mlangoni, kifupi na cha heshima. Tantine alikuwa kazini. Wakati tunasubiri ianze, Kagiso akasema nisome ile nadharia kwa sauti, maana leo ndiyo siku ya kujua ukweli. Nikakataa kidogo, kukataa kwa mtu anayetaka kubembelezwa. Lerato akabembeleza. Nikasimama katikati ya chumba, nikasoma yote, kwa madoido, na nilipofika kwenye mwoga aliyeacha mtoto nikashusha sauti ili inoge. Wakapiga makofi.

Nilimtazama Papa. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni, ila limesahauliwa pale. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili, wale wawili wasielewe:

“Na ule mutoto, alipona?”

“It's just a theory, Papa,” nikamjibu, nikakaa.

Askari hakuonekana tena mpaka mwisho wa tamthilia. Lerato na Kagiso walipoaga, nilingoja Papa ainuke. Kwetu mgeni hasindikizwi kwa kupungiwa mkono. Mwenye nyumba anainuka, anakufikisha barabarani, hata akiwa na homa. Papa hakuinuka. Aliwapa mkono akiwa pale pale kwenye kiti, akawaomba radhi kuwa amechoka. Alikaa mpaka sauti zao zilipopotea nje, ndipo akashika ukuta akasimama, akaenda kubadili shati. Hakuwaambia. Hakunigombeza, wala hakuniuliza tena habari za Tareva.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili Tantine aliponipa yaliyobaki, bila kujua anatoa kitu. Alikuwa ananisuka, tunapiga soga za Bukavu, nikasema kwa mzaha kwamba sijui hata Papa aliumiaje. Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

“Hakukuambia?” akasema. “Siku ya vita tulikuwa tumeshavuka mpaka, sisi wote. Wewe ulikuwa umebaki na bibi yako, unanyonyeshwa na jirani. Papa wako akarudi kukuchukua. Tulimshika shati, akatuponyoka. Askari wakampiga risasi akitoka na wewe.”

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, mbona kovu liko nyuma.

“We naye! Alikuwa amekufunga kifuani. Ulitaka awageuzie wewe?”

Nililia, na Tantine akadhani amekaza msuko. Nilikuwa nimeuona ushahidi kuliko mtu yeyote duniani. Nililiona jeraha na mahali lilipo, nikabahatisha hata kwamba kulikuwa na mtoto, nikaupanga uwongo mkubwa kwa vitu vya kweli tupu. Na aliyeniuliza kama mtoto alipona alikuwa akinitazama mimi, nimesimama mbele yake mzima, mikono yote miwili, nikipigiwa makofi.

Siku hiyo hiyo nilimwendea Papa. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kibovu, nikitafuta maneno kama anayetafuta funguo. Hakuniacha nimalize. Alisema yamepita, akasema, “Ulikuwa mutoto,” akaniuliza kama nimekula. Nimelishika neno lake miaka yote hii, nalitaka liwe kweli. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, nilijua kumwambia akae, na nilijua kwa nini.