Binti Yangu Alitoa, Hakutolewa

Admin, nifichie jina. Marahaba kwenu nyote mtakaoniamkia, maana wengi humu ni wa umri wa wajukuu zangu. Nina miaka sabini na moja, nilifundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, sasa nalima kahawa na migomba huku mlimani, juu ya kijiji cha Maji ya Chai.

Mwanangu wa kiume aliugua, figo zote mbili zikagoma. Dada yake, kitindamimba wangu, akapimwa, akafaa, akampa moja. Leo kaka mtu anapanda mlima huu na mkungu wa ndizi begani, na dada mtu yuko dukani kwake Themi kama kawaida.

Sasa hospitali iliyowafanyia upasuaji inaandaa hafla ya kuwaheshimu waliotoa viungo, pamoja na familia zao. Binti ataitwa mbele avishwe shada la maua, na mimi nimeombwa niseme maneno machache. Nilifurahi kama mtoto. Kumbe nilifurahi peke yangu.

Mdogo wangu, anayesimamia posa ya binti, alikuja mbio. "Kaka, unataka kutuharibia? Picha zitarushwa mtandaoni. Wakwe wa kule Nduruma wakijua huyu mtoto katolewa figo, watageuzia getini!"

"Katoa," nikamwambia.

"Katoa, katolewa, si figo haipo?"

"Wewe Jumapili ukitoa sadaka, tuseme umetolewa sadaka?"

"Mwalimu, hapa si darasani!"

Basi mimi nasema ni darasani, na nitaeleza. Anayetolewa kafanyiwa, kama mtu anavyotolewa jino bovu. Anayetoa kaamua mwenyewe. Tofauti ni herufi tatu tu katikati ya neno, lakini kwa herufi hizo ukoo wangu umemgeuza mtoto jasiri kuwa mgonjwa. Kwenye vikao wanamnong'ona, "yule aliyetolewa," na yeye anasikia.

Mchumba wake anajua tangu mwanzo na hana neno. Wasiojua ni wazazi wa huyo kijana. Nikamuuliza binti mwenyewe anatakaje. Hakuacha hata kumenya ndizi. "Baba, nimechoka kufichwa kama mimba. Nitakwenda hata peke yangu. Ila ukija, vaa lile koti la kahawia. Hilo jeusi ni la misiba."

Nitakwenda. Nitashika kipaza sauti niseme alitoa, na mdogo wangu akitaka asusie. Kwa hiyo msiniandikie "mzee, nyamaza kwanza ndoa ipite." Ukweli ukifunguka baada ya harusi, atakayesemwa mwongo ni binti, si mimi wala baba yake mdogo. Mtoto wa kufichwa sitamwozesha.

Ninalotaka ushauri ni hili tu. Hao wazazi wa kijana kule Nduruma, niwafuate nyumbani kwao niwaeleze kabla, au niwaalike hospitalini, niwakalishe safu ya mbele, wasikie pamoja na watu wote anaitwa nani huyo wanayemposa? Niambieni, wanangu, nawasoma mmoja mmoja. Koti la kahawia limeshapigwa pasi.