Mzungu Aliye Ndani ya Mkoba Wangu

Jamani, leo mashine yangu ya breli imeletewa chai.

Nilikuwa matangani huko Nyakoe, nimetumwa kusoma rambirambi za walimu wenzangu. Kwa vile sioni, mashine huninong'oneza sikioni, nami natamka.

Waya wa sikioni ukachomoka!

Sauti ikatoka mkobani, ikisoma Kiswahili changu kwa matamshi ya Kiingereza cha puani: "Poul sana kwa mke weik na watoto weik."

Mjane akauliza, "Mwalimu, kumbe umekuja na mzungu? Mpeni kiti na chai."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Na chai ikaja kweli.

Nyinyi wa kundi hili la barua pepe, mashine zenu zinatamkaje? Waambieni watengenezaji sitaki tena kuongezewa saa wala kikokotoo humo. Nataka programu inayosema "pole" kama mtu aliyewahi kufiwa.