Magari Matatu ya Shangazi

Shangazi yangu hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Alipopanda gari alikaa kiti cha nyuma, akaushika mlango kwa mikono miwili, akavuta uradi mpaka tufike. Hata hivyo, miaka ya hamsini ilipoanza, vitabu vya boma la Bagamoyo vilimwandika kuwa mwanamke aliyemiliki na kuuza magari matatu. Aliyemfikisha huko ni mimi. Nayaandika haya kwa sababu walio hai bado wanaisimulia habari hii vibaya: wananisifu.

Nilikuwa karani katika shamba la mkonge, kaskazini ya mji. Siku hizo waliomaliza sekondari hawakuwa wengi, nami sikutaka mtu yeyote asahau kwamba nilikuwa mmoja wao. Nilivaa tai hata nikienda kununua samaki. Pale shambani Wazungu walikuja na kuondoka. Aliyemaliza mkataba hakuwa na haja ya kurudi kwao na gari, akaliuza kwa bei ya mtu mwenye haraka. Hivyo ndivyo nilivyopata gari langu la kwanza. Turubai lake lilikuwa limetoboka, na mvua ikinyesha abiria alilowa kuliko mtembea kwa miguu, maana huyu wa miguu angalau aliweza kukimbia. Fundi mmoja wa mjini akalihangaikia mpaka likanguruma. Sijalizoea bado, mwenye duka mmoja wa Kerege akalitamani, nikamwuzia. Nikanunua jingine. Hilo nalo likachukuliwa na mkulima wa Vigwaza, na hapo nikagundua kwamba kuuza magari kunapendeza kuliko kuandika hesabu za vibarua.

Kila gari lililobadili mwenyewe lilipita bomani kwa karani wa pale, mtu mzima, mpole, mwenye kofia ya tarbushi na kalamu ya wino asiyoiazima mtu. Alipomaliza kuandika uuzaji wa la pili alinitazama juu ya miwani yake.

"Mtu akiuza gari lake, ameuza gari," alisema. "Akiuza la pili, tuseme lile la kwanza lilimchosha. Akiuza la tatu, bwana mdogo, huyo ana duka. Njoo ukate leseni."

Leseni yenyewe haikuwa ngumu. Ilitaka mtu aonyeshe mahali pa biashara na atundike kibao chenye jina lake mlangoni. Kibao ndicho kilichonitisha. Meneja wa shamba alikwisha tutangazia kwamba karani atakayeonekana akifanya biashara yake binafsi akatafute kazi hukohuko kwenye biashara yake. Mimi nilitaka vyote viwili, mshahara wa mwezi na magari. Ndipo nilipomkumbuka shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, akisuka ukili wa mikeka barazani kwake na kuwasomesha wasichana wa mtaa Kurani. Wanawake wa mji waliposafiri, au walipogombana na waume zao, walimwekea dhahabu zao amana. Hakuandika popote kipi cha nani, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nilimwomba gari la tatu liandikwe kwa jina lake. Akaniuliza kwa nini lisiwe kwa langu. Nikamwambia jina langu limekwisha tumika mara mbili, na kwamba hii ni karatasi tu.

"Karatasi inayosema uongo?"

"Si uongo, shangazi. Nimekupa. Ni lako mpaka liuzwe."

Akaongeza chane kwenye ukili wake. "Basi kama ni langu," alisema, "ni langu kweli."

Niliona ni maneno ya mtu mzima kutaka kumaliza mazungumzo. Akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu, nzuri kuliko maandishi yote yaliyokuwa kwenye ukurasa ule, nami nikaenda zangu nikichekelea akili yangu.

Nilikuwa sijui nimefanya nini. Siku mnunuzi alipokuja kuliona gari, mimi na fundi tulikuwa tumejiandaa vizuri: fundi azungushe hendeli gari liwake, mimi niseme habari za injini. Shangazi akatoka na buibui lake na chetezo cha ubani. Akalizunguka gari akilifukiza, akasoma Fatiha, kisha akamgeukia mnunuzi, ambaye alimwamkia kwa heshima zote.

"Marahaba, baba. Gari hili ni langu, na sharti nikwambie kasoro zake. Breki usiziamini kwenye mteremko. Mlango huu ukiufunga kwa nguvu, ule wa pili hufunguka. Na harufu unayoisikia si ubani peke yake, kuna panya alifia mahali humo na fundi hajampata."

Fundi akageukia ukuta. Mnunuzi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akalinunua. Shangazi alipoingia ndani fundi aliniambia kwamba bibi huyu akiuza samaki atawaonya watu kuhusu miiba.

Lakini habari ilienea. Watu walianza kuja kutoka mbali kuulizia gari la yule mama asemaye kweli, na walikuwa tayari kuvumilia breki mbovu mradi waambiwe mapema. Nikaandika la pili kwa jina lake, nikaandika na la tatu. Mimi niliyejikinga na hesabu ya boma kwa jina langu sikukumbuka kwamba boma lingemhesabia na yeye. Au nilikumbuka, nikaona kwamba mjane wa kusuka ukili hakuna atakayemsumbua. Nadhani hili la pili ndilo kweli.

Tarishi wa boma alileta barua asubuhi moja, shangazi akaniita niisome. Ilimtaka afike kueleza kwa nini ameuza magari matatu bila leseni. Aliniuliza kama sharti hilo nililijua. Nikakiri kwamba nililijua. Aliuviringisha ukili wake akauweka kando, jambo ambalo hakulifanya mchana ila kwa sala.

"Tutakwenda, na nitasema yaliyokuwa," alisema.

Nikamweleza kwamba akisema hivyo meneja atasikia, na kazi yangu ndiyo basi.

"Kazi utapata nyingine. Mimi watu wameacha dhahabu zao uvunguni mwangu kwa neno langu tu. Likiharibika hilo nitapata wapi jingine?"

Bwana Shauri aliyetupokea, yule Mzungu wa serikali wa kusikiliza kesi bomani, alikuwa kijana mgeni, mwekundu kwa jua, Kiswahili chake hakijavuka salamu. Mimi nilikuwa na tai yangu, na kwa ule upuuzi wangu wa kupenda kuonekana nilimwamkia kwa Kiingereza cha shule. Alifurahi sana. Akasema basi nitafsiri mimi, karani aendelee kuandika. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama katikati ya shangazi na kiti cha serikali.

Swali likaulizwa. Shangazi akajibu bila kusita.

"Mwambie magari yalikuwa ya mwanangu huyu, mimi nilikubali kutia sahihi, na sharti alilijua."

Nikafungua mdomo. Nilisema kwamba mama huyu ni mjane. Nilisema magari aliyanunua yeye mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kazi ya mikono yake. Nilisema hakujua sheria, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza, na kwamba anaomba radhi kwa unyenyekevu. Nilipokuwa nikisema nilisikia kalamu ya karani imenyamaza. Alijua Kiingereza kunishinda. Kisha akaichovya kwenye wino na kuandika yale niliyoyasema mimi, maana kazi yake ilikuwa kuandika, akaigeuza karatasi, na shangazi akatia chini yake sahihi ile ile nzuri.

Bwana Shauri alitabasamu. Akasema safari hii anamsamehe, ila akitaka kuuza tena akate leseni. Hayo niliyatafsiri sawasawa.

"Umemwambia yote?" shangazi aliniuliza tulipokuwa tukishuka ngazi.

"Yote."

"Mbona yangu yalikuwa machache, yako yakawa marefu?"

"Kiingereza kinakula maneno, shangazi."

Karani alikuwa ametoka kutema tambuu. "Kiingereza chako kizuri, bwana mdogo," alisema akipita. "Shule haikukutupa."

Ningeweza kuvumilia kama mambo yangeishia hapo. Lakini shangazi alirudi mtaani na habari yake. Alisimulia kwenye arusi, kwenye maulidi, kisimani, jinsi mwanawe alivyosimama mbele ya Mzungu akajishitaki kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa Kiingereza, na jinsi kweli ilivyowaokoa wote wawili. Nilikaa nikisubiri meneja asikie, lakini meneja hakuwa mtu wa maulidi. Badala yake nikaanza kuheshimiwa. Sahani yangu ya pilau ilipata nyama ya juu. Watu wazima waliniita niamue ugomvi wa mipaka ya minazi. Nikaenda kuposa mahali ambapo kwa kawaida wangeniangalia kuanzia viatu, na mzee wa binti akasema hana swali kwa kijana aliyejisemea mwenyewe bomani. Nikaoa. Nilijiambia nitaeleza baada ya arusi, halafu baada ya Ramadhani, halafu baada ya mvua.

Kilichonishinda kilikuwa kifurushi cha kitambaa chekundu. Jirani mmoja alikuja nacho kwangu, bangili zake na kipini, akiwa anasafiri kwenda Unguja. Alisema shangazi amechoka kutunza amana za watu na amewaambia walete kwangu, kwamba neno langu ni kama lake. Nilikishika kile kifurushi nikakirudisha mikononi mwake, nikaenda moja kwa moja barazani kwa shangazi na kumweleza.

Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja tu. "Basi mimi nilitia sahihi nini?"

Siku ya pili akanitaka nimpeleke bomani. Bwana Shauri yule alikwisha hamishwa, kiti kilikuwa kitupu. Shangazi akamwomba karani aitoe karatasi yake amsomee kwa Kiswahili. Karani akasoma polepole, bila kuniangalia, na shangazi akasikiliza maneno yake ambayo hakuyasema. Akamwambia aandike ya kweli chini yake. Karani akajibu kwa upole kwamba karatasi iliyokwisha fungwa haiongezwi neno.

Shangazi akanigeukia. "Basi sema wewe. Vile ulivyotakiwa kusema siku ile, na kwa lugha ile ile."

"Hakuna mtu kitini, shangazi."

"Karani yupo. Mimi nipo."

Nikakielekea kile kiti na kusema kwa Kiingereza. Sentensi ilikuwa moja tu. Shangazi akamtazama karani, karani akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo yenyewe.

"Ni fupi," alisema shangazi.

Nilikata leseni yangu siku hiyo hiyo. Shambani niliacha kazi kabla ya kuachishwa, na kibao kikatundikwa nje ya karakana ya fundi, kikiwa na jina langu kwa herufi ambazo mtu wa ng'ambo ya barabara angeweza kuzisoma. Shangazi hakukubali kamwe kurudi kufukiza magari, ila mnunuzi akipita kwake alimwuliza kama nimekwisha mwambia kasoro.

Lakini lile la kuwaeleza watu alilikataa. Alisema yeye alisimulia alichokiamini, kusahihisha ni kazi yangu. Nilimweleza mke wangu, akaninunia siku nzima, halafu jioni akaniuliza kama baba yake anajua. Hakujua. Amekufa hajui. Shangazi naye ametutoka siku nyingi, na kila niliposikia ile habari ikisimuliwa barazani na watu wakinigeukia kwa macho ya sifa, niliinywa kahawa yangu nikanyamaza. Kazi aliyoniachia nimeifanya leo, kwa Kiswahili, na nimejitahidi isiwe ndefu.