Hodi ya Mama Precious

Ukitaka kugombana na wanawake wa Mkuyuni miaka ile, wakati viwanda vinafungwa na mitumba inamwagwa barabarani, ungeuliza tu hivi: kazi ya usafi wa nyumba inamfaa mama mwenye mtoto mdogo? Ungemwagiwa maji ya ndoo. Wengine wangekwambia mkono mtupu haulambwi. Wengine wangekuuliza, wewe unayedeki kwa watu, kwako anadeki nani? Basi tusigombane. Tumwangalie Modesta, halafu kila mtu ajisemee.

Modesta alikuwa msichana wa kijijini Kisesa aliyeolewa mjini. Mume wake, Mihayo, alipunguzwa kiwandani. Neno gani hilo jamani, mtu mzima na ndevu zake anapunguzwa kama chumvi kwenye mboga! Akaenda visiwa vya ziwani kuvua sangara, na kurudi kwake kukawa kwa nadra. Nyumbani akabaki Modesta na binti yao Precious, mtoto wa umri ule wa kuuliza kila kitu na kubishia kila jibu.

Ndipo Modesta akapata kazi mtaa wa Pasiansi, kwa Mama Alexander, mwanamke wa Bukoba aliyefanya kazi ofisini. Siku ya kwanza aliambiwa wazi: "Dada, hapa kazi ni ya mtu mmoja. Mtoto umwache nyumbani." Modesta akaitikia kwa kichwa. Kuanzia siku hiyo wote pale walimwita dada, hata baba mwenye nyumba aliyekuwa na mvi. Nyumba ilikuwa na milango mingi, na kila mlango ulitaka hodi. Akajifunza kuipiga kwa sauti ndogo, laini, ya kutomsumbua mtu.

"Hodi."

"Nani?"

"Dada."

"Karibu."

Lakini kazi yenyewe tusiiseme vibaya sana, kwa sababu asubuhi sebule ile ilikuwa yake peke yake. Alipaka nta nyekundu sakafuni, akasugua kwa magoti, taratibu, mpaka mwanga wa ziwa ukaingia dirishani na kuanza kucheza darini. Kule nje gugu maji lilielea, visiwa vya kijani vinavyohama bila haraka, ndege wamesimama juu yake. Mbali zaidi wadudu wa ziwani walipanda angani kama moshi wa jiko lisilo na mpishi. Hapo Modesta alikuwa anaota akiwa macho kabisa. Alimwona Precious akiteleza juu ya sakafu ile, akikimbiza mwanga kwa viganja, akicheka mpaka anapaliwa. Akizinduka, kitambaa kiko mkononi na sebule iko kimya. Alikuwa anammiss vibaya sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Maana aliondoka Precious amelala, akarudi jua limezama. Mchana mtoto alilelewa na jirani, Bibi Bernadeta, aliyemfundisha adabu za mlango: usifungue ovyo, uliza nani, sema mama hayupo.

Siku moja maji yalikatika Pasiansi yote. Mama Alexander akasema, "Dada, nenda kapumzike." Modesta alinunua mapera ya Precious, akarudi Mkuyuni miguu inatembea na akili imebaki ziwani. Bibi Bernadeta alikuwa uani anasugua masufuria. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Modesta akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, akafanya alivyozoea.

"Hodi," akasema, kwa ile sauti ya kazini.

"Nani?"

Mdomo ukajibu kabla yake. "Dada."

"Dada, mama hayupo," sauti ikasema, kwa adabu kubwa. "Yuko kazini. Njoo jioni."

Ee Mungu wangu! Modesta alikaa chini palepale, mapera yakamdondoka. Alilia bila kujificha. Bibi Bernadeta akatokea uani, mikono imejaa povu.

"Shikamoo, bibi. Mwanangu amenifukuza."

"Marahaba. Amekufukuza? Kwani ulijitaja nani?"

"Dada."

"Sasa ulitaka akufungulie?" Bibi akacheka, lakini alipomwona usoni akaacha.

Mlango ukafunguka kidogo. Precious akamtazama mama yake, akatazama jua, akamtazama tena. "Mama," akauliza, "mbona bado mchana?"

Jioni ile yote Modesta hakumweka chini. Aliwaza kuacha kazi, akafunua pipa la unga, akaona unga unakaribia kwisha, akalifunika. Kesho yake alfajiri alimwamsha mtoto, akamnawisha, akambeba mgongoni kwa kanga. Wakimrudisha, basi, atakwenda kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara, juani na moshi umtoe machozi. Lakini kuwa mgeni kwa mwanawe, hapana.

Getini kwa Mama Alexander alisimama.

"Hodi!" Safari hii kwa sauti yake ya Kisesa, ya kuitia ng'ombe.

"Nani?"

Kabla hajajibu, sauti ilitoka mgongoni: "Mama Pleshasi!"

Ndala zikasimama upande wa pili wa geti. Ndani, mtoto wa nyumba, Alexander, alikuwa analia, kama alivyolia kila asubuhi mama yake akishika mkoba wa ofisini.

"Dada, uko na nani?"

"Mimi ni Mama Precious," alisema Modesta. "Niko na Precious mwenyewe. Kazi naitaka, mama. Lakini ukiturudisha, tutarudi wote wawili."

Ziwa lilikuwa limeanza kung'aa kule chini ya kilima cha mawe, na Precious alikuwa amelinyooshea kidole. Kila siku Modesta alijibiwa "karibu". Komeo likavutwa.

"Karibuni," akasema Mama Alexander.