Siku Tuliyofagia Stesheni

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano hapa Tabora, kwenye ukumbi mmoja wa Gongoni, nikiwa mwakilishi wa walimu wa kata yetu. Wataalamu walikuja kutueleza mpango wa treni za karibu: njia ya zamani itakarabatiwa, zitaletwa treni fupi za kupeleka watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni, na fedha zikipatikana vituo vidogo vitajengwa upya. Nilikuwa nakunywa soda yangu kwa raha zangu. Mara ukutani ikatokea orodha ya vituo, nikakiona chetu, kile kidogo ukishapita Kigwa. Mbele yake, kwenye safu ya abiria wanaopanda, waliandika sifuri. Rafiki yangu, sifuri ile naifahamu. Niliitengeneza mimi mwenyewe, kwa fimbo, nikiwa na miaka tisa.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, nyumba ya nne kutoka relini. Siku za kawaida kijiji kililala tu kama mbwa aliyeshiba. Siku ya treni kiliamka chote. Stesheni masta aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni kwake, na hapo wanawake walitokea kila upande na asali kwenye chupa, michembe ya viazi vikavu, karanga za kuchemsha, uyoga wa porini, kuku waliofungwa miguu. Walikuwapo na wasafiri: mgonjwa aliyebebwa juu ya kitanda chake cha kamba, mwanafunzi na sanduku la bati, mkulima wa tumbaku anayekwenda mjini kugombana na watu wa chama cha ushirika. Watu walikanyagana, kuku walipiga kelele, mtoto alipotea na kupatikana. Mpaka leo nikinusa moshi wa dizeli pamoja na karanga za moto, miguu yangu inataka kukimbia.

Bibi alikuwa na kisukari. Mara moja kila mwezi alivaa gauni lake la kanisani, akafunga kadi ya hospitali kwenye pindo la khanga, akapanda treni kwenda Tabora kuchukua dawa na kusafishwa kidonda cha mguu ambacho kilikataa kupona. Alirudi na mkate wa mjini, nami nilianza na ganda. Usidhani alikuwa bibi mpole. Alinitania bila huruma, kama bibi na wajukuu wanavyotaniana kwetu. Aliniita mke mwenzake, na kila mgeni alionyeshwa pua yangu na kuulizwa kama amewahi kuona kitu cha namna ile. Nami sikuruhusiwa kununa, maana utani ni utani.

Ndipo ikaja barua kwamba watu wa mipango ya reli watafika kuiangalia stesheni yetu, kabla ya kuamua vituo vipi vitengewe fedha za matengenezo. Mwalimu mkuu aliisoma kanisani baada ya ibada, kisha akatueleza, kama kawaida yake ya kutueleza hata tuliyoyaelewa. Wageni wakilikuta lile soko letu la kunguru, alisema, tutaaibika, na fedha zitakwenda kwa wenzetu waliostaarabika. Hakuna aliyepinga. Kwetu mgeni akija unafagia uwanja, unafukuza watoto na kuku, unatandika kitambaa, ndipo unamkaribisha. Ukimwacha aione nyumba ilivyo siku zote, umemtukana.

Basi tulifagia. Wiki nzima hatukusoma. Tulichota maji, tukang'oa majani kati ya mataruma ya reli, tukapaka chokaa mawe yote kuanzia mlango wa stesheni mpaka kwenye mwembe wa mwisho. Kila nyumba ilitoa kitu cha kuwapikia wageni, na bibi alitoa jogoo wake mwekundu, ambaye mimi nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema huku akimkamata. Alikuwa ameshapanga kichwani kwamba watajenga banda la kivuli, wagonjwa wasisubiri juani.

Siku yenyewe mwalimu mkuu alitupanga kwenye njia zote za kuingia stesheni, kila mwanafunzi na fimbo yake. Amri ilikuwa moja: hapiti mtu mpaka wageni waondoke. Mimi nilipewa njia ya kwetu, nikajiona mkuu wa wilaya. Niliwarudisha wauza asali. Nilimrudisha jirani aliyewahi kunichapa kwa ajili ya mapapai yake, na huyo nilimrudisha kwa furaha ya pekee, nikimwelekeza kwa ncha ya fimbo.

Kisha akaja bibi, gauni la kanisani, kikapu mkononi, mguu umefungwa kitambaa cheupe. Ningependa kukuambia kwamba nilisahau ilikuwa siku yake ya hospitali. Sikusahau. Nilijua vizuri, na nilishika fimbo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Mwalimu amesema hakuna kupita."

"Marahaba. Hata mimi?"

"Hata wewe."

Aliitazama fimbo, akanitazama mimi, nikasubiri kofi. Akacheka. "Haya, askari," akasema. "Wageni kwanza."

Akakaa chini kando ya njia, akaunyoosha mguu wake. Kutoka pale tulisikia kipande cha reli kikigongwa, treni ikaingia, ikasimama, ikaondoka. Upepo ulituletea harufu ya jogoo wake akikaangwa. Nilikuwa na njaa, nikamwambia bibi kwamba jogoo ananukia vizuri.

Mambo ya upande wa pili alitusimulia stesheni masta mwenyewe jioni ile, akiwa amejaa fahari. Wageni walikuwa wawili, walikuja na gari, wakakaa kwenye benchi na makaratasi yao. Treni ilipofika, abiria walichungulia madirishani wakitafuta karanga, wasione hata ganda. Mgeni mmoja akauliza watu wako wapi. Stesheni masta akapiga saluti. "Hapa kwetu hakuna usumbufu, mkubwa." Mgeni akaandika. Walikula wakashiba, wakausifu usafi wetu, na paja moja wakalifunga kwenye karatasi wakale njiani.

Mwaka uliofuata treni iliacha kusimama. Ilipiga honi ikapita, na wanawake wamebeba sinia zao kichwani. Stesheni masta alihamishwa, na ni yeye aliyetusomea sababu kwenye barua yake: watu walikwenda kuhesabu abiria wanaopanda, hawakumkuta hata mmoja. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Kumbe walikuja kutuhesabu sisi, akasema, nasi tukawaonyesha mawe.

Asiyekuwapo na lake halipo, na bibi hakuwapo kwa sababu yangu. Tangu hapo alipelekwa Tabora kwa baiskeli ya mjomba, kwenye njia ya mchanga yenye mashimo, mwezi mmoja akifika na miwili akishindwa. Mguu ukawa mweusi. Mjini wakaukata, akarudi nyumbani juu ya mkokoteni wa ng'ombe akiwa ameshika kikapu kilekile.

Hakunilaumu hata mara moja. Alinitania, na hilo ndilo lililonishinda. Kila alipotaka kutoka nje ilikuwa lazima nimshike, naye aliniambia mbele ya watu wote, "Askari, naomba nipite." Wageni walicheka. Nami nilicheka, maana utani haununiwi. Nilitamani mtu anichape. Masika ya pili tangu akatwe mguu, nikiwa nampikia uji wa mtama asubuhi, alisema vilevile, "Askari, nipishe sasa," nikacheka kama kawaida. Nilipogeuka na bakuli alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo pale ukumbini niliinua mkono. Nilimwambia kijana mtaalamu kwamba sifuri ile ni ya uongo, nikamweleza kisa chote, hata cha mawe. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Mama, nikituma watu wiki ijayo wakahesabu, watawakuta hao abiria?"

Nikafikiria. Mabati ya stesheni yaling'olewa zamani. Wauzaji walihamia barabara ya lami, na watu wakawafuata. Shule imebaki na nyigu tu. Nyumba yetu imebomoka, imebaki kichuguu cha udongo, na karibu yake kaburi la bibi limezungukwa na mawe ambayo ukiyakwangua utaona chokaa. Kipande cha reli sijui nani alikichukua.

"Hawatawakuta," nikasema.

Akanishukuru, akahamia kituo kinachofuata. Mkutano ulipokwisha niliuendea mlango, nikiwa na njaa. Binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni, wa umri wa wanafunzi wangu, akaninyooshea mkono taratibu.

"Shikamoo, mama. Samahani, subiri kidogo, wageni kwanza."

Nilimwitikia marahaba, nikasogea ukutani. Wakapita mmoja mmoja na makaratasi yao, na kutoka chumba cha pili ilikuja harufu ya kuku wa kukaanga.